Neno la Fundi: Pompi ya maji na mkanda wake

Baba wa jamaa anunuapo motokari iliyokwisha kutumika Ulaya au Japani, huitazama rangi, viti na magurudumu. Ni wachache wanaouliza mkanda wa meno ulibadilishwa lini. Nao mkanda huo, uliofichwa nyuma ya kifuniko cha injini, ndio unaopatanisha mhimili wa chini, unaozungushwa na pistoni, na mhimili wa juu, unaofungua valvu. Motokari ya Kijerumani, Glas 1004, iliutumia tangu mwaka 1962. Ni mwepesi na hauna kelele, lakini ni wa mpira: huchoka bila kulia. Ukikatika njiani, katika injini nyingi pistoni huzigonga valvu na kuzipinda, na fedha ya karo ya watoto huishia mikononi mwa fundi.

Katika motokari kama RAV4 za kwanza, zile za injini 3S-FE, mkanda huohuo huizungusha pompi ya maji. Basi vibadilishwe pamoja, maana kazi ya kufungua ni moja.

Ngoja injini ipoe kabisa, tenga betri, uyakinge maji ya rejeta katika beseni. Maji yenye dawa ya kuzuia baridi ni sumu yenye utamu. Watoto na mbuzi wasiyakaribie. Wala usilale chini ya motokari inayoshikwa na jeki peke yake. Kabla ya kuuvua mkanda, zungusha mhimili wa chini kwa ufunguo, upande wake wa kawaida, mpaka alama za magurudumu yake zilingane na alama za injini. Kisha usizungushe tena chochote.

Ng'oa pompi, safisha uso wa chuma pasipo kuuchimba, tia gasketi mpya, kaza bolti kidogo kidogo kwa kupokezana. Gurudumu linalokaza mkanda nalo libadilishwe. Wengi huliacha kwa ubahili, na beringi yake ikifa, mkanda mpya hufa nayo.

Mkanda mpya ukiisha kuvikwa na kukazwa, zungusha kwa mkono duru mbili kamili. Mbili, kwa sababu mhimili wa juu huzunguka mara moja wakati wa chini unapozunguka mara mbili. Ukigoma, usitumie nguvu: labda pistoni imekutana na valvu. Alama zikikosana hata kwa jino moja, vua uanze tena.

Rudisha vifuniko, jaza maji polepole, washa injini rejeta ikiwa wazi mpaka mapovu ya hewa yaishe. Asubuhi ya pili tazama chini ya pompi; pakiwa pakavu, unaweza kusafiri.