Kazi ya chini ya karo nayo ni kazi



Sisi wa Buterere tunayajua maji. Mtaa wetu uko chini, katika tambarare ya Imbo, na mvua ya usiku wa Februari 9, 2014, iliyoua watu zaidi ya 60 kaskazini mwa Bujumbura, haijasahauliwa. Ndiyo maana mwenzetu mmoja wa kiwandani, alipojenga bafu, aliliinua juu ya nguzo na kulitandika mbao. Hapo hatumlaumu. Baadaye akapata fedha kidogo, akamwita fundi wa kuweka karo.

Fundi alimwambia kweli: sakafu hii inanesa, haifai kuwekwa karo mpaka itengenezwe. Akaomba malipo ya siku mbili. Mwenye nyumba akajibu kwamba yeye analipa kwa mita ya karo, si kwa mbao. Fundi ana watoto wa kulisha. Akabandika vivyo hivyo. Masika hayajaisha, karo zikapasuka, naye akaamriwa arudie bure.

Sisi tunasema mwenzetu amekosa, ingawa ni mwanachama na ada analipa.

Mbao hunywa maji ikavimba, ikikauka hunywea. Mtu akiikanyaga, hupinda. Saruji na karo hazijui kupinda. Hufanya ufa, maji ya kuoga yakapenya, na mbao ikaozea chini pasipo mtu kuona. Kwa hiyo fundi hana budi kung'oa ubao uliooza, kuongeza boriti hadi mtu mzima aruke na sakafu isitikisike, kukaza kwa skrubu maana misumari hulegea, na kuacha nafasi hewa ipite chini. Kisha nailoni nzito, wavu wa chuma, na juu yake saruji na mchanga, unene wa sentimita 4 hivi, ikiteremka sentimita 2 kwa kila mita kuelekea tundu la maji. Mita moja ya mraba ya saruji hiyo ina uzito wa kilo 80 hivi. Boriti dhaifu haziwezi. Halafu kungoja ikauke. Hapo bado hajaweka karo hata moja!

Je, jasho hilo lote ni la bure? Wachuma chai wanaolipwa kwa kilo wanaielewa hesabu hii: mlima walioupanda hauwekwi kwenye mizani. Hatuwezi Jumatatu kumdai mwajiri saa zetu zote, na Jumapili kumnyima fundi siku zake mbili kwa kuwa tu leo waajiri ni sisi.

Mafundi wataje bei mbili kabla ya kushika mwiko, ya sakafu na ya karo, nasi tuzilipe zote. Asiye na fedha za sakafu asinunue karo kwanza.

Mwenzetu bado anamdai yule fundi. Tumemwita katika kikao cha Jumamosi, na fundi pia tumemwita.