Mwalimu wa kujitolea akihamishwa, shule inabaki na nini?

Kijiji kinamzoea. Anafundisha hisabati sekondari ya kata, Kiswahili chake kinaeleweka, watoto wameshampa jina la nyumbani. Kisha siku moja gari linakuja, anapakia mizigo na kwenda kuanza upya nchi nyingine. Wazee wanaulizana: tumemkosea nini?

Mara nyingi hakuna aliyekosea. Tuangalie mpango wenyewe ulivyo.

Shirika la Peace Corps la Marekani lilianzishwa mwaka 1961, na Tanganyika ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kupokea watu wake. Muda wao wa kawaida ni miezi 27: kama mitatu ya mafunzo na lugha, kisha miaka miwili kazini. Japani nayo huleta watu wa kujitolea kupitia JICA. Hawa hawaajiriwi na shule. Hupewa posho ya kujikimu, na shirika lililowaleta ndilo lenye kauli ya mwisho kuhusu usalama wao. Likisema ondoka, mkuu wa shule hana uwezo wa kuzuia.

Majirani zetu Kenya wanalijua hili. Ghasia za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 zilisimamisha kazi za Peace Corps nchini humo, na mwaka 2014 zikasimama tena kwa sababu za usalama. Hali ikifika hapo, mwenye muda mrefu uliobaki anaweza kupangiwa nchi nyingine. Aliyekaribia kumaliza hurudi kwao. Aliyejifunza Kiswahili Kenya akiletwa Tanzania, anaingia darasani upesi. Akipelekwa penye lugha nyingine, anarudi kwenye salamu za kwanza.

Machi 2020, kwa ajili ya korona, Peace Corps iliwaondoa watu wake wote duniani: karibu 7,000 kutoka nchi zaidi ya 60. Shule za Tanzania zilifunguka kikamilifu Juni 29 mwaka ule. Lakini kundi la kwanza la Peace Corps kurudi kazini ng'ambo, popote duniani, lilitoka Machi 2022. Mwanafunzi aliyekuwa kidato cha tatu walipoondoka alikuwa ameshafanya mtihani wa kidato cha nne.

Hapo ndipo penye uzito. Anayehama ana shirika la kumpangia kituo kingine. Mwanafunzi hana kituo kingine.

Kwa hiyo, msikilizaji, shule yako ikipata mwalimu wa namna hii, bodi ya shule iulize mambo matatu tangu siku ya kwanza. Muda wake unaisha lini? Mwalimu gani wa hapa atafanya naye kazi, si kumwachia vipindi vyote? Maandalio ya masomo, orodha ya vifaa vya maabara na funguo vinabaki kwa nani? Na miezi sita kabla ya muda kwisha, ombi la mwalimu wa somo hilo liwe limeshafika halmashauri.

Tumshukuru anayekuja, tumuage vizuri anayekwenda. Ila tusipange mtihani wa mwanetu kwa kumtegemea mtu ambaye simu moja kutoka mbali inaweza kumwondoa kesho.