SIMU YA MKOPO: THELUTHI MBILI IKISHALIPWA, ISIFUNGWE

Ndugu wanachama,

Katika mikutano yetu hapa Mwakirunge tunazungumza mshahara, posho ya nyumba, viatu vya kazi na likizo. Ni sawa, na tuendelee. Lakini iko fedha nyingine inayotoka katika mshahara huo huo kila siku ya Mungu, kabla ya chai na kabla ya nauli ya kwenda Bamburi au Mtwapa, nayo hatujaiweka mezani hata mara moja. Fedha hiyo ni malipo ya simu ya mkopo.

Maoni yangu ni haya. Chama hakina budi kulishika jambo hili kama kinavyoshika jambo la mshahara. Na neno la kwanza tulidai liwe hili: mtu aliyekwisha kulipa theluthi mbili za bei ya simu yake, asifungiwe simu hiyo ila kwa amri ya mahakama.

TUSEME KWELI KWANZA

Mkopo huu una wema wake. Mwezi wa Julai 2020 Safaricom, pamoja na Google, ilianzisha mpango wa Lipa Mdogo Mdogo. Mtu alitanguliza Shs. 1,000/-, kisha akalipa Shs. 20/- kila siku kwa miezi 9. Ukihesabu siku 270, ni Shs. 5,400/-, na pamoja na kitangulizi ni Shs. 6,400/-. Kibarua ambaye hajapata kushika Shs. 6,000/- kwa mkupuo mmoja aliweza kumiliki simu ya intaneti. M-KOPA, iliyoanza na taa za sola, nayo iliingia katika biashara ya simu. Watu, inayojulikana kwa pikipiki za bodaboda, ikafanya vivyo hivyo.

Wakopeshaji wa namna hii hawamtaki mtu alete wadhamini watatu wala karatasi ya mshahara. Mgema, mchuuzi wa samaki, kijana wa bodaboda na mama anayechambua chupa na chuma chakavu jaani, wote waweza kupata simu. Hakuna benki iliyokuwa ikiwatazama watu hawa. Asiyekubali jambo hilo hasemi kweli.

Lakini wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Wema wa mkopo usitufumbe macho tusihesabu.

HESABU YA SHILINGI KWA SIKU

Mwuzaji akikwambia, "Ni shilingi 55 tu kwa siku," hapo hakukutajia bei. Amekutajia kipande cha bei. Tufanye hesabu ya mfano, na kila mtu aweke tarakimu za mkataba wake mwenyewe.

Tuseme simu dukani ni Shs. 12,000/- taslimu. Kwa mkopo unatanguliza Shs. 2,500/-, kisha Shs. 55/- kila siku kwa siku 365. Mara 365 ni Shs. 20,075/-. Ongeza kitangulizi, jumla ni Shs. 22,575/-. Umelipa Shs. 10,575/- zaidi ya bei ya dukani. Karibu umenunua simu mbili, na mkononi unayo moja.

Sasa tuseme fedha hiyo hiyo ya Shs. 12,000/- umeikopa katika chama cha akiba na mikopo kinachotoza asilimia 1 kwa mwezi juu ya salio. Ukirudisha Shs. 1,000/- kila mwezi kwa mwaka mmoja, riba yote ni Shs. 780/-. Jumla ni Shs. 12,780/-. Tofauti ya njia hizi mbili ni Shs. 9,795/-. Hiyo ni karo, ni mabati, ni unga wa miezi.

Haba na haba hujaza kibaba, ndivyo tulivyofundishwa. Lakini na tuulize kibaba kinachojazwa ni cha nani.

KUFULI ILIYOMO NDANI YA SIMU

Bei ni jambo moja. Kufuli ni jambo zito zaidi. Simu hizi zina programu ndani yake ambayo mkopeshaji huitumia kuifunga simu akiwa mbali. Usipolipa, simu inakuwa jiwe. Haji mtu mlangoni, wala hupati barua, wala hakuna wa kumweleza kwamba mvua imenyesha siku tatu na timboni hakuna kazi.

Na simu ya mfanya kazi wa siku hizi si pambo. Mnyapara huwaita vibarua kwa simu. Malipo ya kibarua huja kwa M-Pesa, ambayo iko tangu 2007. Mwenye bodaboda hupata wateja kwa simu, na mchuuzi huuliza bei ya samaki kwa simu. Ukiifunga simu ya mtu kwa sababu hakupata kazi jana, umemzuia asipate kazi leo. Kesho atalipa kwa nini? Mkopeshaji anayefunga chombo cha kazi anamnyima mdeni njia ya kulipa deni lile lile analodai.

Hapa niseme neno la kusaidia mara moja. Kufuli hufunga simu, haifungi laini. Laini imeandikishwa kwa jina lako. Usiuze wala usitupe kabambe yako ya zamani. Simu ya mkopo ikifungwa, toa laini, itie ndani ya kabambe, upokee wito wa kazi na fedha zako za M-Pesa. Mambo ya intaneti utayakosa, lakini hutakosa kibarua.

SHERIA IKO, LAKINI INA USINGIZI

Wengi wetu hatujui kwamba Kenya ina sheria ya tangu mwaka 1968 juu ya vitu vinavyokodishwa huku vikinunuliwa kwa malipo ya kidogo kidogo. Ni Sura ya 507 ya Sheria za Kenya. Sheria hiyo inasema kwamba mtu akiisha kulipa theluthi mbili za bei ya kitu, mwenye mali hawezi kumnyang'anya kitu hicho kwa nguvu zake mwenyewe. Sharti aende mahakamani.

Waliotunga sheria hiyo walikuwa na akili. Waliona vitu vya siku zile, cherehani, redio, makochi na magari, na walijua desturi ya wauzaji wengine. Mtu amelipa miezi kumi, anakosa mwezi wa kumi na moja, lori linakuja na kubeba kitu, na fedha zote zimepotea. Theluthi mbili iliwekwa ili mtu aliyekaribia kumaliza asirudishwe mwanzo.

Leo lori halina haja ya kuja. Mkopeshaji anabonyeza kitu ofisini, na simu inanyang'anywa ikiwa ingali mfukoni mwa mwenyewe. Mimi nauliza: kuna tofauti gani? Mwenye cherehani iliyochukuliwa hana cherehani. Mwenye simu iliyofungwa hana simu. Jina la mkataba lisitubabaishe, uwe unaitwa mkopo, au kukodi, au kulipa kidogo kidogo. Haki ni moja, nayo iandikwe wazi kwamba kufunga ni kunyang'anya.

Wako watakaosema kampuni zitapata hasara na kuacha kukopesha. Turudi katika hesabu yetu. Theluthi mbili za Shs. 22,575/- ni Shs. 15,050/-. Simu ile dukani ni Shs. 12,000/-. Kwa hiyo siku mtu anapofika theluthi mbili, katika mfano wetu ni siku ya 229, mkopeshaji amekwisha pata bei nzima ya dukani na Shs. 3,050/- juu yake. Deni lililobaki ni faida, nalo lilipwe, sisi si watu wa kudhulumu. Lakini faida idaiwe kwa njia ya deni la kawaida, bila kumfungia mtu chombo cha kazi.

Wakati wa kusema ni huu. Kanuni za Benki Kuu za mwaka 2022 ziliwakataza wakopeshaji wa mitandaoni kutisha wadeni na kuwapigia simu jamaa na marafiki zao. Sheria iliyotiwa sahihi Desemba 2024 imeipanulia Benki Kuu mamlaka juu ya wakopeshaji wasiopokea amana. Na Katiba ya 2010, kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya kuelezwa habari anazohitaji na kulindwa masilahi yake ya uchumi. Mlango uko wazi. Asiyepiga hodi hakaribishwi.

"HONGERA, UMESTAHILI SIMU MPYA"

Liko jambo jingine la kuangaliwa. Mtu akikaribia kumaliza deni huletewa ujumbe wa kumpongeza, kwamba kwa uaminifu wake amestahili simu kubwa zaidi na kitangulizi kimepunguzwa. Naye hufurahi. Simu ya kwanza nzima, haina hata ufa, lakini anaingia deni la pili, na bei kwa siku imepanda. Kukopa harusi, kulipa matanga.

Wenzetu wa ng'ambo wamepita njia hii kabla yetu. Huko Marekani kampuni za simu zilizoea kumpa mteja simu kwa bei ndogo akitia sahihi mkataba wa miaka 2, na bei yenyewe ilijificha ndani ya ada ya kila mwezi. Miaka 2 ikiisha, asiyechukua simu mpya aliendelea kulipa ada ile ile. T-Mobile iliiacha desturi hiyo mwaka 2013, na AT&T Januari 2016. Baadaye zikaja punguzo za namna nyingine. AT&T na Verizon waliligawa punguzo katika bili za miezi 36, na mteja akihama kabla ya wakati, sehemu iliyobaki humpotea. Uingereza nako, mwaka 2017 shirika la Citizens Advice lilionyesha kwamba watu waliokwisha maliza kulipia simu walikuwa wakiendelea kutozwa, kwa wastani pauni 22 kila mwezi. Kelele zikapigwa, na tangu Februari 2020 kampuni zimelazimishwa na Ofcom kumjulisha mteja kwamba mkataba wake unakwisha.

Tuyashike mafunzo mawili. La kwanza, punguzo linalokufunga usiondoke ni kamba, hata likipakwa asali. La pili, wanunuzi walipata nafuu kwa sababu palikuwa na shirika lililosema kwa niaba yao. Vyama vya wafanya kazi vya Marekani, chini ya AFL-CIO, viliunda Union Plus mwaka 1986 ili kupatana bei za vitu kwa ajili ya wanachama, na punguzo la simu limekuwa miongoni mwake. Mtu mmoja akiomba punguzo huchekwa. Watu mia tano wakiomba pamoja huwekewa kiti.

JE, HII NI KAZI YA CHAMA?

Najua wako ndugu watakaosema chama ni cha mshahara, mambo ya simu kila mtu na lake. Nawakumbusha historia ya Mombasa yetu. Januari 1947 wafanya kazi wapatao 15,000 wa mji huu waliacha kazi. Walidai mshahara, ndiyo, lakini kilichowasukuma ni kupanda kwa gharama za maisha. Wazee wale walijua kwamba shilingi hupotea kwa njia mbili, kwa tajiri asiyeitoa na kwa mwuzaji anayeitwaa. Tukipigania nyongeza ya Shs. 50/- kwa siku, kisha Shs. 55/- zikaondoka kwa simu, tumempigania nani?

AZIMIO

Kwa hiyo naomba mkutano ujao ujadili na kupitisha mambo haya:

(1) Kila mkataba wa simu uandikwe kwa Kiswahili, na juu kabisa zionekane bei mbili: bei ya taslimu na jumla ya bei ya mkopo. Bei ya siku ifuate chini yake.

(2) Theluthi mbili ikishalipwa, simu isifungwe ila kwa amri ya mahakama. Chama kiandikie Benki Kuu na mbunge wetu wa Kisauni juu ya neno hili.

(3) Kabla ya theluthi mbili, asiyelipa apewe notisi ya siku 7, na asiyekuwa na kazi kwa ugonjwa au kusimamishwa apewe nafasi.

(4) Kamati ipatane na maduka bei ya jumla kwa wanachama, na chama cha akiba kianzishe mkopo mdogo wa simu. Vibarua na kina mama wa jaani wasiachwe nje. Waingie kwa vikundi vyao, wadhaminiane.

Na kabla ya hayo yote, jambo la leo jioni: toa mkataba wako, zidisha bei ya siku kwa idadi ya siku, ongeza kitangulizi, uandike jumla. Asiyejua kusoma asaidiwe na mwenzake. Lete karatasi hiyo mkutanoni. Tukiwa na karatasi 100 za hesabu mezani, hakuna atakayetuambia kwamba ni shilingi 55 tu.

Umoja ni nguvu.

Ndugu yenu,
Mwanachama, Mwakirunge