Simu ya mteja irekodiwe, lakini ufunguo usiwe wa dalali peke yake

NI KAWAIDA mwekezaji mdogo wa Mwanza au Mbeya kutoa agizo la hisa kwa simu. Dalali yuko Dar es Salaam, nauli ya basi inaweza kuzidi kamisheni, na si kila mwenye hisa anaziamini programu za kwenye simu. Anapiga, karani anapokea, agizo linaingizwa sokoni. Ushahidi unaobaki ni kile alichoandika karani.

Hapo ndipo ugomvi huanzia. Chukua mteja mwenye hisa 800 anayetaka kuuza nusu tu. Anasema "mia nne". Laini inakwaruza, karani anasikia "mia nane", na hisa zote zinauzwa kwa shilingi 720 kila moja. Mteja anashtuka malipo yanapoingia benki, na wakati bado anabishana bei inapanda hadi 900. Hisa 400 zilizouzwa kimakosa zimemkosesha shilingi 72,000, achilia mbali kamisheni aliyokatwa. Ni neno lake dhidi ya maandishi ya dalali, na mshindi anajulikana.

Dawa ya kwanza haina gharama: karani arudie agizo kwa sauti kabla ya kukata simu, na mteja aitikie. Dawa ya pili ni kurekodi. Wenye kampuni wengi huuona mtambo wa kurekodi kama rungu la kumchungia karani, kama alisalimia vizuri au alimaliza simu haraka. Si vibaya. Lakini katika biashara ya hisa sauti ile ni mkataba, na mkataba haufungiwi kabatini na upande mmoja.

Ulaya walilitambua hilo. Kanuni za Umoja wa Ulaya za MiFID II, zilizoanza kutumika Januari 3, 2018, zinazitaka kampuni za uwekezaji kurekodi simu zinazohusu maagizo, kumwarifu mteja kabla, kutunza rekodi kwa miaka 5 na kumpa mteja nakala akiomba. Kipengele hicho cha nakala ndicho chenye uzito kwa mwekezaji mdogo.

Kisingizio cha gharama hakina nguvu. Sauti ya simu isiyobanwa hula kilobaiti 8 kwa sekunde kwa kila upande. Makarani 5 wakizungumza saa 4 kwa siku, pande zote mbili, hujaza gigabaiti 1.15 hivi. Kwa siku 250 za kazi kwa mwaka, miaka 5 haifikishi terabaiti moja na nusu. Diski moja ya terabaiti 2 inatosha, na ya akiba ikae jengo jingine.

Kazi ngumu iko kwenye mpangilio. Sauti ya mteja na ya karani zirekodiwe kila moja kwa njia yake, ili wakizungumza kwa pamoja ijulikane nani alisema nini. Kila rekodi ibebe namba ya agizo, na saa ya mtambo ilingane na ya soko. (Mteja atalalamika kuhusu simu ya saa tatu na dakika kumi asubuhi, mtambo umeandika 09:10. Anayetafuta alijue hilo.) Rekodi isiyopatikana siku ya ugomvi ni sawa na isiyokuwepo. Aidha, kusiwe na karani wala meneja anayeweza kufuta peke yake, na mteja asiulizwe namba ya siri wakati mtambo unarekodi.

Sheria zipo. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Zote zinampa mtu haki ya kuzifikia taarifa zake, na sauti yake akiagiza hisa zake ni taarifa yake. Dalali anayejibu kwamba rekodi ni "za matumizi ya ndani" anapaswa kukumbushwa hivyo, kwa barua.

Limebaki tundu moja, la simu ya mkononi. Uingereza ilipoweka kanuni ya kurekodi mwezi Machi 2009 iliziacha simu za mkononi, na ilichukua hadi Novemba 2011 kuziingiza. Huku kwetu tundu hilo ni pana zaidi, maana maagizo mengine hupitia namba binafsi ya karani anayefahamika, jioni, baada ya ofisi kufungwa. Simu hiyo mtambo wa ofisini hauigusi. Kampuni iwape makarani simu za kazi zinazorekodiwa, au ikatae maagizo ya namna hiyo. Na mteja anayeambiwa "nipigie kwenye namba yangu" asubiri kesho asubuhi apige ofisini.