Maneno Yanayofanana si Sawa

Wanafunzi wengi hupenda kuandika maneno ya Kiingereza safu safu na kuyakariri kana kwamba yote ni maana moja: humour, indulge, pamper, pander. Kisha huchukua lo lote na kulitia katika insha. Kwa maoni yangu, mazoea haya yafaa yaachwe.

Humour, likiwa kitendo, ni kumfuatisha mtu atakavyo ili asiudhike, kama tumfanyiavyo mgonjwa mwenye hasira. Asili yake ni Kilatini. Zamani waganga wa Ulaya walidhani kwamba tabia ya mtu yatokana na majimaji manne mwilini. Indulge ni kumwachia mtu apate apendacho, na huweza kuwa wema. Pamper ni kudekeza kwa raha nyingi. Lakini pander ni kutumikia tamaa au udhaifu wa mtu. Neno hili latokana na Pandarus, kuwadi katika kisa cha Troilus alichokiandika Chaucer katika karne ya 14.

Basi mwanafunzi atakayewashukuru wazazi wake kwa neno pander, kwa kweli amewatukana.

Jambo hili si geni kwetu. Kubembeleza si kudekeza, wala kudekeza si kuendekeza. Nani atakubali tuyachanganye? Tujifunze kila neno pamoja na sentensi yake, na walimu wetu wasitupe orodha tupu. Maneno machache yaliyofahamika yapita mengi yaliyokaririwa.