Parokia Yenye Majina, Kijiji Kisicho na Watu: Kabras ya Karne ya 19 na Dhambi ya Uhakiki

Utangulizi

Mwanafunzi wa fasihi katika chuo kikuu cha Afrika ya Mashariki akiulizwa nani aliishi katika parokia ya mashambani ya Uingereza enzi za Malkia Victoria, hatasita kujibu. Atamtaja kasisi na mkewe, mwenye shamba kubwa, mhunzi, mchungaji wa kondoo, mtumishi wa kike aliyepotoshwa na kijana wa nyumba kubwa. Amewapata kwa George Eliot katika Adam Bede (1859) na Middlemarch (1871–72), na kwa Thomas Hardy katika Far from the Madding Crowd (1874). Akiulizwa nani aliishi Kabras, kaskazini mwa Kakamega, katika miaka hiyo hiyo, atajibu kwa neno moja: Waluhya.

Jibu hilo ni kosa mara mbili. Kwanza, jina Abaluyia kama jina la umoja wa jamii hizi lilienea kati ya miaka ya 1930 na 1940, na aliyeishi Kabras mwaka 1870 hakujiita hivyo. Pili, hata kama jina lingekuwa sahihi, si jibu la swali. Aliyeulizwa nani aliishi kijijini hajibu kwa kutaja taifa. Makala hii inashikilia kwamba lawama ya hali hii haiuangukii ukoloni peake. Sehemu yake kubwa ni ya uhakiki wa fasihi simulizi kama unavyoendeshwa katika idara zetu.

Karatasi na Mapokeo

Utetezi wa kawaida ni kwamba Uingereza ilikuwa na maandishi na Kabras haikuwa nayo. Utetezi huu una ukweli ndani yake. Rejista za parokia za ubatizo, ndoa na mazishi ziliamriwa mwaka 1538. Usajili wa kiserikali wa vizazi na vifo ulianza 1837, mwaka ule ule Victoria aliporithi kiti cha enzi, na sensa ya 1841 ilimwandika kila mkazi kwa jina. Nchini Kenya, sensa ya kwanza ya jumla iliyowahesabu Waafrika ilifanywa mwaka 1948. Pengo hilo la miaka 107 halizibiki kwa hamaki za kizalendo.

Lakini rejista si kioo cha kijiji. Iliandikwa na kasisi, kwa haja za kanisa lake. Iliandika ubatizo, si uzazi. Na waliojitenga na kanisa la dola, wakiwemo Wakweka, waliweka kumbukumbu zao mbali. Hesabu ya waumini ya mwaka 1851 ilionyesha kwamba karibu nusu ya mahudhurio ya ibada yalikuwa nje ya Kanisa la Uingereza. Kibarua wa shamba aliingia katika karatasi hizo mara tatu maishani mwake, na mara zote tatu aliandikwa na mtu mwingine. Wahakiki wa Uingereza wanayajua haya yote, na hawajaitupa rejista kwa sababu hiyo. Wameisoma kwa tahadhari. Kwa nini basi mapokeo ya Kabras yatakiwe yawe makamilifu ndipo yasomwe?

Msafiri na Watu Wake

Maandishi ya mapema ya Kizungu kuhusu Kabras yaliyo mashuhuri zaidi ni ya Joseph Thomson, Mskoti aliyetumwa na Royal Geographical Society. Alipita huko mwishoni mwa 1883 akielekea Kwa Sundu, ambako Mumia alikuwa amekwisha kumrithi baba yake Shiundu. Kitabu chake, Through Masai Land, kilitoka London mwaka 1885. Ndani yake Thomson anastaajabia wingi wa chakula, na anakiri kwamba watu hawa waliovaa kidogo sana walikuwa na mwenendo bora kuliko majirani waliojifunika. Ni sifa, lakini ni sifa ya kundi. Wanaosifiwa ni Wakavirondo, jina la wasafiri, na wala si Abamutama wala Abashu wala ukoo wowote wa Kabras ambao wenyeji wenyewe wangeutaja kabla ya jambo lingine lolote.

Ifahamike pia kwamba Thomson hakufika peke yake. Katika msafara huo alikuwemo Jumbe Kimameta, mfanyabiashara wa Pangani aliyezijua njia za bara kabla ya Mskoti huyo kuzikanyaga. Kiswahili, basi, kilifika Kabras kabla ya Biblia na kabla ya bendera. Lingetarajiwa kwamba wahakiki wa Kiswahili ndio wangekuwa wa kwanza kuuliza mazungumzo ya njiani yalikuwaje, na nani alizungumza na nani. Hawajauliza. Wameurithi mtazamo wa Thomson wa kuona kundi pasipo mtu, wakaubadilisha jina tu: alichokiita Wakavirondo wao wanakiita jamii.

Wimbo Usio na Mwenyewe

Mfano ulio wazi ni namna nyimbo zinavyochapishwa. Mbolezi au wimbo wa jandoni hutolewa katika tasnifu ukiwa na kichwa kama "wimbo wa Waluhya", kisha hufuata uchambuzi wa fani na maudhui: takriri, sitiari, umoja wa jamii, nafasi ya mwanamke. Aliyeuimba hatajwi. Kijiji hakitajwi. Marehemu aliyeliliwa, ambaye ndiye sababu ya wimbo kuwapo, hatajwi. Mara nyingine hata lugha ya asili haitolewi, msomaji akaachwa na tafsiri inayodaiwa kuwa sauti ya wahenga.

Mhakiki huyo huyo akigeukia pwani hubadilika kabisa. Hatakubali kuusoma Utendi wa Tambuka bila kumtaja Mwengo wa Athumani na mwaka 1728, na atazilinganisha nakala moja moja. Tungo za Muyaka bin Haji, aliyefariki mwaka 1840, hakuna anayeziita "shairi la Waswahili". Na tungo hizo zilifika karatasini kwa njia gani? Sehemu yake kubwa ilihifadhiwa katika kumbukumbu za watu wa Mombasa, zikakusanywa kwa jitihada za Mwalimu Sikujua na mmishenari W. E. Taylor miongo kadhaa baada ya kifo cha mshairi, na hatimaye zikachapishwa mwaka 1940. Mdomo ndio uliolihifadhi jina la Muyaka. Ikiwa mdomo wa Mombasa unaaminiwa na mdomo wa Kabras hauaminiwi, tofauti haimo katika mapokeo. Imo katika heshima.

Patakuwepo watakaosema kwamba mtunzi wa fasihi simulizi ni jamii nzima, na kumtaja mtu mmoja ni kuleta ubinafsi wa Kimagharibi. Hoja hii inaangushwa na Uingereza yenyewe. Cecil Sharp, aliyetetea kwa nguvu zote nadharia ya kwamba wimbo wa kijijini ni zao la umma, alianza kukusanya nyimbo mwaka 1903 huko Hambridge, Somerset, kwa wimbo aliousikia kwa mtunza bustani wa nyumba ya kasisi. Sharp aliandika jina la mtu huyo: John England. Nadharia yake ilikuwa ya umma, daftari lake lilikuwa la watu. Wanaodai kuukataa Umagharibi wameichukua nadharia wakaliacha daftari.

Tena hoja hiyo inaidhulumu jadi inayodai kuitetea. Mbolezi hutaja majina: ya marehemu, ya mama yake, ya ukoo aliotoka. Jina la mtoto humkumbusha babu. Kwa majirani Wabukusu, makundi manane ya rika yanayorudi kwa zamu ni kalenda ambayo kwayo umri wa mzee na wakati wa tukio hukadiriwa. Hizi ni jamii zilizojaa majina. Aliyeyafuta ni mhakiki.

Historia Ilitangulia

Wanahistoria hawakungoja. John Osogo alichapisha historia ya Abaluyia mwaka 1966. Mwaka 1967 Gideon Were alitoa A History of the Abaluyia of Western Kenya, pamoja na mkusanyiko wa masimulizi yenyewe, ukoo kwa ukoo, ili msomaji aweze kuupima ushahidi. Mwaka uliofuata, Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walitoa mwito wa kuivunja Idara ya Kiingereza ya Nairobi na kuiweka fasihi simulizi katikati ya masomo. Mwito ulishinda katika mtalaa. Haukushinda katika utaratibu wa kazi. Wahakiki wengi walipohitaji muktadha walimkimbilia Günter Wagner, ambaye utafiti wake wa miaka ya 1930 uliegemea zaidi Walogoli na Wabukusu, wakayapachika maelezo yake Kabras kana kwamba mto wa Nzoia na njia zote za ukoo hazina maana.

Hitimisho

Kinachodaiwa hapa si kikubwa. Andiko lolote la fasihi simulizi linalopokelewa na idara litoe jina la msanii kwa ridhaa yake, ukoo wake, mahali, awe ametoka Butali, Shamberere au Chegulo, pamoja na tarehe. Matini ya Lukabarasi itangulie tafsiri. Anayeliliwa au kusifiwa atafutwe: aliishi lini, ni babu wa nani. Kazi isiyotimiza hayo irudishwe kwa mwandishi wake, kama ambavyo ingerudishwa tasnifu juu ya Hardy isiyotaja riwaya.

Wakati hauko upande wa idara. Mzee aliyezaliwa Kabras mwaka 1940 aliweza kusimuliwa na babu aliyekuwa kijana Victoria alipofariki mwaka 1901. Baada ya mzee huyo hakuna kiungo kingine. Rejista za Somerset zimo katika hifadhi na zitakuwemo karne ijayo. Rejista ya Kabras inaketi kivulini, pembeni ya mashamba ya miwa, na kila msimu wa mazishi kurasa zake hupungua. Atakayekuja na uchambuzi wa takriri na sitiari baada ya hapo atakuwa na fani bila watu, na lawama hataweza kumtupia Thomson.