Gari la Stima na Siri za Nyumbani

Fundi wa stima akibisha mlangoni mwako leo akuulize jana ulirudi nyumbani saa ngapi, na Jumamosi ulilala wapi, bila shaka utamwonyesha lango. Hiyo si kazi yake. Kazi yake ni nyaya, mita na transfoma. Lakini siku utakaponunua gari la stima, na wanaoyanunua wanazidi kuongezeka, huenda maswali hayo yote yakajibiwa bila wewe kufumbua kinywa. Gari lenyewe litasema.

Hebu leo tulizungumze jambo hili kama watu wa nyumba moja, kwa maana naona limeachiwa wahandisi na mawakili, ilhali litaingia katika nyumba zetu sisi.

Kwanza tuwape wenye stima haki yao. Hawaulizi kwa sababu ya udaku. Gari dogo la stima likichajiwa nyumbani kwa chaja ya ukutani huvuta takriban kilowati 7. Pasi ya kawaida huvuta kilowati moja au zaidi kidogo. Kwa hivyo jirani anayechaji gari ni kama mtu aliyechomeka pasi saba kwa pamoja na kuziacha zikiwaka kwa saa kadhaa. Sasa chukua mtaa wenye nyumba 60 zinazotegemea transfoma moja iliyowekwa zamani, wakati mzigo wa kila nyumba ulikuwa taa, redio, runinga na hiyo pasi ya asubuhi. Wakazi 10 wakirudi kazini saa moja jioni na wote wachomeke magari yao, hizo ni kilowati 70 zilizoongezeka kwa mkupuo, tena wakati ule ule ambapo kila nyumba inapika na kutazama habari. Transfoma ikizidiwa, mtaa mzima hukaa gizani. Nyama huoza kwenye friji ya mwenye gari na ya yule ambaye hata baiskeli hana.

Hapa Kenya kuna jambo jingine. Jioni stima hubanwa. Mwaka 2025 matumizi ya nchi nzima katika saa za kilele yalivuka megawati 2,300. Usiku wa manane nayo hushuka sana, kiasi kwamba mvuke wa Olkaria, ambao ungeweza kuzungusha mitambo, huachiliwa ukapotea hewani kwa kukosa wa kutumia umeme wake. Ndiyo maana bei mpya za stima zilizoidhinishwa na mamlaka ya kudhibiti kawi, EPRA, na kuanza Aprili 2023 zilikuwa na bei ya pekee ya kuchaji vyombo vya usafiri: shilingi 16 kwa uniti katika saa za kilele na shilingi 8 katika saa ambazo matumizi ni ya chini, kabla ya kodi na ada nyingine. Nusu bei! Maana yake ni kwamba uchaji gari wewe ukiwa umelala.

Mpangaji wa stima basi anataka kujua mambo matatu: magari ni mangapi, yako wapi, na yanachajiwa saa ngapi. Akiyajua, ataleta transfoma kubwa kabla ile ndogo haijaungua. Asipoyajua, atakisia, na gharama ya kukisia vibaya hatimaye huingia katika bili yako na yangu.

Ubaya ni kwamba "wapi" na "saa ngapi" ndivyo vitu viwili ambavyo mtu mwenye nia mbaya angependa kuvijua kukuhusu.

Tuseme kuna mwalimu mmoja, mjane, anayeishi Ruiru na watoto wawili. Jumatatu hadi Alhamisi gari lake huchomekwa nyumbani saa kumi na mbili jioni na kuchomolewa alfajiri. Ijumaa halichomekwi hapo. Huchajiwa kwenye kituo kimoja cha Thika. Wiki ya pili ya Agosti halichomekwi kabisa. Ukiitazama orodha hiyo, ambayo haina jina la mtu wala picha, utajua nyumba hubaki tupu siku gani, mama huyu hurudi saa ngapi, na kwamba ana mahali pa kwenda kila Ijumaa. Huenda anakwenda kumuuguza mamake. Huenda ana mchumba. Hayo ni yake. Lakini shemeji anayegombania shamba la marehemu akiipata orodha hiyo, au jambazi, au mwajiri anayetafuta sababu ya kumwachisha kazi, hawatangoja maelezo.

Nawe usiseme kwamba haya ni mambo ya kutungwa. Mtafiti George Hart, aliyeshughulikia upimaji wa umeme katika chuo cha MIT kule Marekani, alionya kwa maandishi mwaka 1989 kwamba ukifuatilia jinsi umeme unavyopanda na kushuka kwenye waya wa nyumba unaweza kutambua ni kifaa gani kimewashwa na lini, na kwamba jambo hilo laweza kugeuzwa kuwa upelelezi. Wakati huo magari ya stima yalikuwa machache mno. Sasa fikiria kifaa kinachovuta kilowati 7: hicho hakihitaji mtaalamu kukitambua. Kinaonekana kwenye kipimo kama ngamia katikati ya mbuzi.

Uholanzi walilipima suala hili mapema. Mwaka 2009 baraza la seneti la nchi hiyo lilikataa mswada uliotaka kila nyumba ilazimishwe kuwekwa mita za kisasa zinazotuma habari zenyewe, na sababu kubwa ilikuwa siri za nyumbani. Baadaye sheria ilirekebishwa, mwenye nyumba akapewa nafasi ya kukataa. Kule Naperville, karibu na Chicago, wakazi waliupeleka mji wao kortini kwa kuwa mita zilikuwa zinarekodi matumizi yao kila dakika 15. Agosti 2018 mahakama ya rufaa iliamua kwamba kukusanya habari hizo ni sawa na kupekua nyumba, kwa vile zinafichua yanayotendeka ndani. Lakini pia ilisema upekuzi huo ulikubalika, kwa sababu mji ulikuwa ukizitumia kusimamia umeme tu, si kuwashtaki watu. Majaji hao waliongeza kwamba rekodi zikiwa za muda mfupi zaidi, au polisi wakiruhusiwa kuzichungulia kwa urahisi, huenda uamuzi ukawa tofauti.

Hebu niulize: mita yako ya tokeni inajua nini kukuhusu? Mita hiyo ya vibonye ni msiri mzuri. Kampuni inajua ulinunua uniti 30 Jumanne; haijui uliziunguza saa ngapi. Mita za kisasa zinazotuma vipimo mchana na usiku hazina usiri huo.

Na mita ni afadhali kuliko gari. Desemba 2024 ilijulikana nchini Ujerumani kwamba habari za magari ya stima yapatayo 800,000 ya kundi la Volkswagen zilikuwa zimeachwa wazi mahali ambapo mtu mjuzi wa kompyuta angeweza kuzifikia. Kwa magari kama 460,000 kati ya hayo, mahali lilipoegeshwa gari palijulikana kwa undani wa kutisha. Walikuwemo wanasiasa, walikuwemo pia polisi wa Hamburg. Kampuni ilieleza kwamba habari hizo zilikusanywa ili kuboresha betri na programu zake. Nakubali kabisa, nia huenda ilikuwa njema. Lakini ili ujue betri inavyozeeka, je, ni lazima ujue liliegeshwa mbele ya nyumba ya nani?

Hilo ndilo swali ninalotaka ubaki nalo, msomaji, kwa sababu jibu lake linapunguza ugomvi huu kwa kiasi kikubwa. Transfoma haijali ni gari la nani. Inasikia uzito tu. Kampuni ya stima ikifunga kipimo kwenye transfoma yenyewe, itajua mtaa mzima ulivuta kiasi gani saa moja jioni na saa nane usiku, bila kugusa mlango wa mtu. Kipimo kimoja pale juu ya nguzo kinatoa habari anayoihitaji mpangaji ili aamue kama transfoma ibadilishwe.

Hata bili haihitaji upelelezi. Kwa bei ile ya shilingi 16 na 8, mita inayohesabu uniti katika mafungu mawili, la saa za kilele na la saa nyingine, inatosha. Mwisho wa mwezi kunasomwa nambari mbili basi. Hazisemi Ijumaa ulikuwa wapi.

Uingereza wamefanya jambo moja lililonifurahisha kwa wepesi wake. Tangu Juni 2022 chaja mpya za nyumbani zinazouzwa huko sharti ziwe zimepangwa tangu kiwandani zichaji nje ya saa za msongamano, ingawa mwenyewe anaweza kubadilisha. Aidha, kila chaja hungoja kidogo kabla ya kuanza, muda wa kubahatisha usiozidi dakika 10. Sababu ni kwamba watu wote wakiweka saa zao kwenye dakika ile ile ambapo bei inashuka, maelfu ya magari yataanza kuvuta kwa sekunde moja na kutikisa gridi. Chaja zikijitawanya zenyewe, mzigo hupanda polepole. Hakuna aliyeuliza jina la mtu.

Lakini nisikudanganye kwamba kuchanganya hesabu za watu kunatosha kila mahali. Katika barabara yenye gari moja tu la stima, jumla ya mtaa ni habari ya mtu huyo huyo. California wana kanuni ya kupambana na hilo: hesabu ya pamoja haitolewi kwa watu wengine ikiwa ina wateja chini ya 15, au ikiwa mmoja wao peke yake ana zaidi ya asilimia 15 ya matumizi. Hapa kwetu, ambako katika kijiji kizima gari la stima huenda likawa la daktari tu, kanuni kama hiyo ingefaa sana. Na daktari huyo asijifiche kwa fundi. Mimi naona ni haki kila mwenye chaja ya ukutani aiambie kampuni ya stima kwamba anayo na ina nguvu kiasi gani, kama vile mwenye kinu cha kusaga mahindi anavyopaswa kusema. Chaja ni ya nyumba, haitembei. Saa unazoitumia ndizo maisha yako, na hizo hakuna sababu ya kuziandikisha.

Mpaka hapa nimewazungumzia wenye magari. Wenye shida kubwa zaidi huenda ni vijana wa bodaboda. Pikipiki nyingi za stima hazichajiwi nyumbani. Mwendeshaji hufika kituoni, akaacha betri iliyokwisha na kuchukua iliyojaa. Betri hizo huwa na vifaa vinavyoeleza ziko wapi na zimebaki na nguvu kiasi gani, na kampuni inaweza hata kuzizima kutoka mbali. Kwa betri ambayo ni mali ya kampuni hilo linaeleweka, kwani wezi wapo. Lakini kijana aliyechukua pikipiki kwa mkopo anaweza kufuatwa kutoka asubuhi hadi usiku, kila abiria, kila kona, na siku akichelewa kulipa chombo kikamzimikia njiani. Kampuni ya stima haihitaji kujua safari zake ili ipange umeme wa kituo. Inahitaji kujua kituo hicho hubadilisha betri ngapi kwa saa.

Sheria tunayo. Kifungu cha 31 cha Katiba ya mwaka 2010 kinalinda faragha ya kila mtu, na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inasema habari zako zikusanywe kwa sababu iliyo wazi, kwa kiasi kinachohitajika tu, na zisigeuziwe kazi nyingine. Unayo haki ya kuuliza wanajua nini kukuhusu, na ya kutaka kosa lirekebishwe. Usipojibiwa, kuna ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data ya kupelekea malalamiko.

Kwa hivyo kabla hujatia sahihi ya kununua gari, pikipiki au chaja, muulize muuzaji rekodi za kuchaji huwekwa wapi, kwa muda gani, na nani mwingine huziona. Akikujibu kwamba "ni za mtandao tu, mama, usijali," mwambie akuitie anayejua. Mkopo ukiwa na kifungu cha kuzima chombo kutoka mbali, kisome mara mbili, na uulize utapewa notisi ya siku ngapi.

Nyumbani nako, mkubaliane nani ana programu ya gari kwenye simu yake. Mume na mke wakiwa nayo wote wawili kwa ridhaa, vyema. Mmoja akiwa nayo kwa siri, huo si ulinzi wa gari tena. Na wewe unayenunua gari lililotumika kutoka ng'ambo au kwa mtu wa hapa Nairobi, usitosheke na funguo mbili na kitabu cha gari. Hakikisha akaunti ya mwenye gari wa kwanza imefutwa mbele ya macho yako, la sivyo huenda mtu usiyemjua akawa anaona kila usiku mahali ulipoegesha.